Mate ya Shangazi

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelikuta sokoni limeshafungiwa karanga, mambo yamefika hapa.

Paskazia, mjane asiye na makuu, alikuwa na mtoto mmoja tu, Bujiku. Kijana akasikia habari za dhahabu, akaenda Geita kuchimba. Duara, shimo la wachimbaji, likamfunika. Wenzake walifukua mpaka mikono ikatoka damu, kisha wakasimika msalaba wa miti juu ya kifusi na kuhamia shimo jingine. Mama mtu hakuletewa hata shati la kuzika. Aliletewa habari tu, na mchimbaji aliyekuwa akipita na njia kutoka Katoro, ambaye alikunywa maji, akashukuru, akaenda zake.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nkwabi, mdogo wake wa kiume, alimchukua dada yake akamweka kwake, kijiji cha pamba na vumbi upande wa pili wa Ibadakuli. Paskazia akalala akauelekea ukuta. Hakula, hakuoga, wala hakulia, na huko kutolia ndiko kulikowatisha watu. Mwishowe Nkwabi alimpakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ya misheni Kolandoto. Huko muuguzi aitwaye Anisia, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alimpa vidonge vya amitriptilini na maneno mengi kuliko vidonge vyenyewe.

Maneno hayo tuliyaandika wiki iliyopita, lakini tutayarudia, maana bila hayo msiba wa leo hauna kichwa wala miguu. Kidonge ni kimoja kila jioni, si zaidi. Nafuu haiji kesho wala keshokutwa. Mgonjwa angoje wiki kadhaa bila kukata tamaa. Kinywa kitakauka, choo kitakuwa kigumu, macho yataona ukungu, na akisimama ghafla kichwa kitazunguka, kwa hiyo ainuke taratibu. Anywe maji, anyonye ukwaju. Pombe asiiguse. Na akijiona amepona asiiache dawa kwa mara moja, bali arudi wampunguzie kidogo kidogo.

Miaka ile kila kitu kilikuwa adimu, sabuni na bahasha vilevile, na mgonjwa alikwenda hospitali na chombo chake. Paskazia alikuwa na kikopo cha bati cha mafuta ya kujipaka, kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa. Anisia alivimimina vidonge humo, akabana kifuniko, akamshika mkono.

"Mtoto asiione dawa hii, mama. Sisemi asiile. Asiione. Mtoto mchanga akiimeza, msikae kumnywesha maziwa wala kungoja atapike. Mleteni hapa mbio, na kikopo mkononi, tujue amekula nini."

Paskazia akaahidi. Alikifunga kikopo kwenye pindo la khanga, kiunoni, akalala nacho na kuamka nacho.

Na dawa ikafanya kazi. Si kwa haraka. Kwa muda mrefu aliona ukavu wa kinywa tu bila faida yoyote, akamlaani Anisia kimoyomoyo. Kisha asubuhi moja alisikia harufu ya michembe, viazi vikavu, inachemka jikoni, akashangaa kugundua kwamba ana njaa. Akainuka taratibu, kama alivyoambiwa. Akaomba bakuli, kisha akaomba jembe. Nkwabi alipomwona dada yake amesimama shambani, alikwenda nyuma ya zizi akalia peke yake.

Laiti mwanamke yule angebaki kitandani. Leo tunaeleza kwa nini.

Nkwabi alikuwa na mke, Generoza, Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa rozari shingoni. Mimba zake za kwanza zote ziliharibika. Hii ya mwisho ikakaa, akazaa mtoto wa kiume, mnene, usiku wa mvua kubwa. Mtoto wa usiku kwa Wasukuma ni Bujiku, hakuna wa kubisha. Lakini ndani ya nyumba ile Bujiku lilikuwa pia jina la aliyelala chini ya mawe ya Geita.

Sasa, katika ukoo wao jina la marehemu haliokotwi tu kama jembe lililosahauliwa shambani. Lina mwenyewe, na mwenyewe ni mama aliyelizaa. Mtoto anapoota jino la kwanza, mama huyo humpakata, hulitaja jina, kisha humtemea mate kwenye paji la uso na kifuani. Ndipo jina linapokuwa lake. Maji hayafai, wala pombe. Maji ni ya kisima, husema wazee wa ukoo ule, mate ni ya mtu. Na ili mate yawe ya mtu kweli, mwenye kutema haruhusiwi kula wala kunywa chochote tangu alipoamka siku hiyo.

Kuna la ziada. Inaaminiwa kwamba mtu mwenye neno moyoni hana mate. Akijaribu, kinywa kitamsaliti mbele ya watu wote.

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo Paskazia hakumwambia Nkwabi, wala Anisia, wala padre wakati wa kitubio. Neno alikuwa nalo. Siku ya kwanza aliposikia Generoza akibembeleza, Bujiku, Bujiku wa mama, nyonya, kitu kilimchoma. Alijiambia kwamba mwanawe yuko chini ya kifusi, na jina lake liko juu huku linanyonya ziwa. Alimwonea wivu mtoto mchanga. Alijua ni dhambi na hakuweza kuiacha.

Jino likatoka. Watu wakaitwa.

Aliyesimamia shughuli alikuwa Mabula, baba yao mdogo, mzee mwenye koti jeusi na sauti ya upole. Wenye sauti ya upole tuwaogope. Paskazia alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku anamtazama mdomoni.

Alikaa kwenye kigoda, mtoto akawekwa magotini. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Kidonge cha jana yake kilikuwa bado kinatawala kinywa, na tangu alfajiri hakuwa ameruhusiwa hata kipande cha ukwaju. Akaomba maji. Mabula akasema maji yapo, baada ya mate.

Akalitaja jina. Akajaribu kutema, ikatoka pumzi. Akakusanya mashavu, akajaribu tena, ikatoka pumzi. Mwanamke mmoja nyuma akacheka, kisha akajuta kucheka.

"Paskazia," Mabula akasema, "una neno na mtoto huyu?"

"Sina neno, Baba Mdogo. Ni dawa ya hospitali. Inakausha kinywa. Muuguzi mwenyewe aliniambia."

Mabula akawageukia watu. "Mmesikia? Iko bugota ya hospitali ya kukausha mate ya shangazi. Na imengoja siku ya jina ndipo ifanye kazi."

Watu wakacheka, safari hii bila kujuta. Generoza akamnyakua mtoto magotini kwa wifi yake, akampangusa paji la uso ingawa hapakuwa na cha kupangusa.

Paskazia alibaki kwenye kigoda. Alichokiogopa zaidi si kicheko. Alijiuliza kama kweli ni kidonge, au ni lile neno.

Baada ya hapo mtoto akaanza kulia. Meno, msomaji, meno tu. Kila aliyelea anajua. Lakini nani angethubutu kusema ni meno katika nyumba ile? Mtoto asiye na jina analia kwa kukosa jina. Generoza alikonda, macho yakamwingia ndani. Akaacha kula chungu kimoja na wifi yake. Akianza kusali rozari na Paskazia akapita, alinyamaza mpaka apite.

Mabula akafunga safari kwenda kwa mfumu, mpiga ramli, kutazamia. Aliporudi aliwakusanya watu wa nyumbani akasema shughuli itarudiwa Jumamosi inayofuata siku ya mnada, na mpaka hapo Paskazia asivuke ua. Kisha akamwita Generoza jikoni peke yake. Walikaa humo mpaka ugali ukaungua. Generoza alipotoka hakumtazama mtu yeyote, na alipoulizwa na mumewe alijibu kwamba ni maneno ya mama wa mtoto, hayasemwi.

Paskazia alimwomba Nkwabi ampeleke Kolandoto. Alitaka kumwuliza Anisia kama kuna namna ya kupata mate kwa asubuhi moja tu. Nkwabi alikuwa anafunga marobota ya pamba. Hakuinua kichwa.

"Dada, Baba Mdogo amesema usivuke ua. Unataka niseme nini? Mke wangu halali. Mtoto halali. Tema mate, basi, yaishe."

Ndipo alipokata shauri alilokatazwa. Akaacha vidonge, vyote, kwa mara moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli, lakini mkuu alikuwa Kolandoto na Mabula alikuwa mlangoni. Alifungua pindo la khanga akakichomeka kikopo kwenye nyasi za paa, juu ya kitanda chake, mahali ambapo mtoto asingefika. Mtoto asingefika, kweli. Watu wazima hakuwafikiria. Na kwa kuwa hakuwa na haja nacho tena, hakukitazama.

Mwili ulimwadhibu. Alitapika, akatoka jasho baridi, kichwa kikagonga, na kila aliposinzia aliota mawe. Lakini mate yakarudi. Alikuwa akijificha nyuma ya zizi, mwanamke mzima, anajifunza kutema mavumbini kama watoto wanaoshindana. Siku aliyoona doa la kwanza limelowesha vumbi alicheka peke yake, akalifuta kwa mguu haraka.

Mate yalirudi na huzuni ikarudi nayo. Michembe ilichemka asubuhi na hakusikia harufu. Ukuta ukaanza kumwita. Hata hivyo katika kulala huko, akiutazama ukuta uleule, alifanya jambo ambalo dawa isingeweza kumfanyia. Aliagana na mwanawe. Alijiambia kwamba jina lililozikwa halimfai mtu, na kwamba afadhali litembee kwa miguu ya mtoto wa Nkwabi kuliko kubanwa na mawe. Alilia, mara ya kwanza tangu habari ile ifike. Ijumaa jioni, kama angeulizwa kama ana neno moyoni, angejibu hapana na isingekuwa uongo.

Mmeona ubaya wa dunia? Neno lilipomtoka, ndipo mtego ulipokuwa umeshategwa.

Jumamosi asubuhi ua ulijaa kuliko mara ya kwanza. Watu hawakosi mahali penye harufu ya aibu. Paskazia alitoka chumbani kwake dhaifu, amejifunga khanga mbili, kinywa kimejaa. Aliogopa hata kuitikia salamu asije akameza.

Generoza akamleta mtoto. Hakuwa analia. Alikuwa amelegea, mzito, kichwa kimeangukia bega la mama yake, mashavu yamewiva wekundu. Paskazia akadhani amechoka kwa kilio cha siku zote zile, akashukuru kwamba amelala. Alipompakata alimsikia ana joto. Akadhani ni jua.

"Bujiku," akasema, na sauti haikutetemeka. "Jina la mwanangu nimekupa. Sikukuazima, nimekupa. Ulitembeze juu ya ardhi."

Akatema.

Mate yalikuwa tele. Yalitua kwenye paji la uso yakateremka mpaka nyusi, na mengine kifuani. Ua ukalipuka vigelegele. Wabeja, mayu, wabeja, wazee walimshukuru, na hata Mabula alitikisa kichwa kukubali. Nkwabi aliziba uso kwa viganja vyote viwili. Kwa kitambo kidogo Paskazia alikuwa mtu aliyerudishwa kwa watu.

Mtoto akafumbua macho. Mboni zilikuwa zimetanuka mpaka hudhurungi yote imemezwa, weusi mtupu. Paskazia aliyatambua macho yale. Aliwahi kuyaona kwenye kipande cha kioo chake mwenyewe, siku za vidonge, ila yake hayakuwahi kufikia kiasi hiki. Kabla hajasema lolote mwili mdogo ukakakamaa magotini kwake, mgongo ukapinda, mikono ikaanza kurukaruka.

Kule nyuma waliokuwa hawajaona waliendelea kupiga vigelegele.

"Mate yake," Mabula akasema. Hakupaza sauti. "Mmeona wenyewe. Mate yake yamemgusa mtoto."

Vigelegele vikafa. Generoza alijitupa akamnyakua mwanawe, na Paskazia hakumzuia, bali alipitisha kidole ndani ya mdomo wa mtoto. Ulimi ulikuwa mkavu kabisa. Aliujua ukavu ule kuliko mtu yeyote pale uani.

Akainuka ghafla, kichwa kikamzunguka, akakimbia hivyo hivyo mpaka chumbani kwake. Aliingiza mkono kwenye nyasi za paa. Kikopo kilikuwepo, lakini kimegeuzwa juu chini. Alikuwa amekiacha kina vidonge vingi. Sasa kilipotikiswa vilisikika vichache tu vikigongana.

Alitoka akapiga magoti mbele ya wifi yake, wakawa uso kwa uso, mtoto katikati akitetemeka.

"Wifi," akanong'ona, "umempa?"

Midomo ya Generoza ilikuwa inacheza kama mtu anayesali. "Mfumu alisema kilichokausha mate ndicho kitakachomfungua mtoto. Alisema aonje kile shangazi anachomeza. Alisema nikimwambia mtu haitafanya kazi."

"Vingapi?"

"Nilisaga nikatia kwenye uji. Sikuhesabu, wifi. Nilitaka alale."

Basi lile ndilo neno la jikoni, lililounguza ugali. Mabula alilileta kutoka kwa mfumu, na Mabula huyohuyo sasa alikuwa amesimama juu ya vichwa vyao, anauliza wananong'ona nini. Tungependa kuwaambia kwamba uso wake ulionyesha hofu. Haukuonyesha kitu.

Paskazia akasimama akakiinua kikopo watu wakione.

"Mtoto amekula dawa yangu. Si mate. Ni hii hapa. Muuguzi alisema mtoto akiimeza apelekwe mbio. Nkwabi, toa baiskeli."

Nkwabi hakutoa baiskeli. Alisimama pale kama aliyepigwa rungu, anamtazama dada yake, anakitazama kikopo.

"Ameila vipi? Hajui hata kutambaa."

Paskazia akamtazama Generoza, na watu wote wakafuata macho yake. Ilikuwa nafasi ya mwanamke yule kusema maneno mawili tu. Mtoto alikuwa ameacha kutetemeka, na sasa alikuwa amelegea tena, anapumua kwa shida.

"Mimi sijui," Generoza akasema. "Kikopo ni chake. Muulizeni yeye."

Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga. Wahenga hawakuwepo uani kwa Nkwabi Jumamosi ile. Kila mtu alianza kusema lake. Mmoja alitaka mtoto anyweshwe maziwa, mwingine maji ya tumbaku, mwingine alitaka Paskazia ale kiapo kwanza. Mabula alisema jambo kama hili halikimbiliwi, linakaliwa. Nkwabi alirudia swali lake lilelile, ameila vipi, ameila vipi, na miguu yake haikwenda popote.

Paskazia alielewa kwamba angeweza kubisha na angeweza kushinda. Ingechukua muda. Angemshika Generoza kwa kiapo cha rozari yake, angemtaka Mabula aeleze alichokileta kutoka kwa mfumu, na mwishowe watu wangejua ukweli, wakiwa wamezunguka maiti. Aliuangalia mkono wa mtoto ukining'inia. Bujiku wa kwanza alikufa watu wakiwa mbali. Huyu alikuwa anakufa watu wakiwa wamejaa.

"Nimempa mimi," akasema.

Watu wote wakamgeukia yeye.

"Nimempa mimi kwa mkono wangu. Umesikia, Nkwabi? Umeshajua. Sasa panda baiskeli."

Hapo miguu ya Nkwabi ikafunguka. Aliivuta baiskeli kutoka ukutani, Generoza akapanda kwenye keria na mtoto kifuani, amemfunga kwa khanga. Paskazia aliwafuata mpaka mlango wa ua akakitia kikopo kwenye mfuko wa koti la ndugu yake.

"Mpe daktari hiki. Usiseme chochote kama huwezi, mwonyeshe kikopo tu. Wakijua ni dawa gani watajua la kufanya. Wasipojua watatafuta malaria na degedege mpaka awatoke. Nkwabi, umenielewa?"

Nkwabi alimtazama dada yake aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Akatema mate chini, mbele ya miguu ya Paskazia, akakanyaga pedali.

Paskazia alitaka kukimbia nyuma yao. Mikono ya wanaume ilikwishamshika huku na huku, na aliyekuwa amemshika kiwiko cha kulia, kwa upole kabisa, alikuwa Mabula.

Kwa hiyo aliwaangalia. Njia ya kwenda Kolandoto inapita katikati ya mashamba ya pamba, nyeupe pande zote mbili wakati ule wa mavuno, na kutoka mlango wa ua unaweza kumwona mtu mpaka anapopotelea mtoni. Aliiona baiskeli ikiyumba, ikikaa sawa, ikishika kasi. Alianza kuomba. Alimwomba Mungu wa Generoza na mizimu ya Mabula, yeyote aliyekuwa na nafasi.

Kisha aliona mkono wa Generoza ukiachia khanga. Ukashuka kwenye mfuko wa koti la mumewe, na Nkwabi, aliyeinama juu ya usukani anapambana na mchanga, hakugeuka.

Kitu kiling'aa juani mara moja, kikaruka juu ya pamba, kikazama ndani yake.

Alifanya hivyo kwa sababu gani, hata Paskazia hakujua. Huenda aliogopa daktari asije akauliza maswali mbele ya mumewe. Huenda aliamini kweli kwamba kikopo kile ni uchawi unaomfuata mwanawe, na kwamba anamwokoa kwa kukitupa. Mtoto asingepona kwa sababu yoyote kati ya hizo mbili.

Paskazia alifungua kinywa kupiga kelele. Hakikutoka kitu. Siku kadhaa hakuwa amemeza kidonge, na kinywa kilikuwa kikavu kama siku ya kwanza.

"Ametupa kikopo," akasema hatimaye, sauti imekwaruza. "Baba Mdogo, kiko kwenye pamba pale, si mbali. Niacheni nikichukue niwakimbilie. Bila kikopo hawatajua. Nipelekeni mmenifunga kamba mkitaka, lakini twende."

Mabula alitazama upande wa shamba kwa muda, kama mtu anayefikiri. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona kitu.

"Tutakwenda, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Kila kitu na wakati wake. Umeanza vizuri, umekiri mbele ya watu. Sasa kaa chini ututajie na wengine uliowapa."

Akampa ishara kijana mmoja kwa kidevu. Kijana akaburuta matawi ya miiba akaziba mlango wa ua, kama wanavyofanya kila magharibi zizi linapofungwa, ingawa jua lilikuwa bado la asubuhi na ng'ombe wote walikuwa malishoni.